Sanduku Lililouzwa Mara Nne

Nilikuwa nimepiga goti nikifunga bawaba za mlango wa darasa, katika chuo kimoja cha hapa Mbeya, niliposikia mtu nyuma yangu ananiita kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia miaka mingi. Fundi Maswali. Sikugeuka haraka. Katika kuzunguka kwangu nimeitwa majina mengi, kila mji una la kwake, lakini hilo lilikuwa la Iringa, na mimi nilidhani nililiacha hukohuko pamoja na mambo yote ya mwaka ule. Nilipogeuka nikaona mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni, amekumbatia kompyuta yake kifuani, anatabasamu. Nilimtazama kitambo kabla ya kumwona Atupele ndani ya huyo mama. Akaniuliza niko wapi siku hizi, nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba nipo tu, huku na huku. Akaniambia anafundisha ujasiriamali hapohapo, wanafunzi wa mwaka wa pili, na kwamba mlango ninaoufunga ni wa darasa lake. Nikasema hongera. Uso ukanipanda joto kama wa mtu aliyekutwa mahali asipotakiwa, bisibisi ikaniponyoka, na tukainama wote wawili kuiokota.

Jioni alinichukua kwake, upande wa Uyole, akanipikia mbalaga, ndizi zilizopondeka vizuri na nyama ya mbavu, na sahani yangu haikuruhusiwa kukaa tupu. Mume wake ni bwana mifugo, mtu mpole, alitaka kujua habari za mbao na kwa nini siku hizi zinapinda mapema, nikamweleza kwamba miti inakatwa ikiwa bado michanga. Watoto walinisalimia shikamoo mjomba. Niliuliza habari za Festo, mwenzetu wa tatu wa mwaka ule, nikaambiwa yuko Dodoma, ofisi ya hesabu, ana kitambi. Tulizungumza kila kitu isipokuwa kile tulichokuwa tunakizunguka. Mwishoni Atupele akasema kesho ana kipindi saa nne, niende nikae nyuma nisikilize. Nikamwambia nina milango ya kumalizia.

"Milango haiwezi kukimbia, Zabroni," akasema. "Wewe ndiye mwenye tabia hiyo."

Alisema akicheka, mume wake naye akacheka kwa adabu, na mimi nikacheka, kisha nikashughulika na mfupa uliokuwa sahanini muda mrefu kuliko nyama yake ilivyostahili.

Shule niliiacha kidato cha pili, na sitaeleza kwa nini, maana hata mimi sababu zangu hubadilika kila ninapozieleza. Nitasema tu kwamba sikuacha kwa kuchoka kujua vitu. Nilikaa Rujewa msimu mmoja wa mpunga kwa sababu nilitaka kufahamu mashine inajuaje kuvua pumba bila kuvunja punje. Nilipofahamu, nikaondoka, na tajiri wangu akadhani nimeiba. Mafinga nilikaa zaidi, kwenye viwanda vya kupasua magogo, kwa sababu mbao zina maswali mengi kuliko mchele. Mwaka ninaousimulia ndio niliopanda kwenda Iringa, nikapata kibarua katika karakana ya Mzee Mgaya, kando ya barabara inayokwenda chuoni. Mzee Mgaya alinipa chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia mbao zinazosubiri kukauka. Nililala kati ya mirundo miwili ya misonobari, na kwa baridi ile ya Juni, upepo unaopita kwenye nyufa za ukuta wa mabanzi, vile vipande vya kando ya gogo, ulikuwa na harufu ya utomvu, hata chai yangu ya asubuhi ilinuka hivyo. Sikulalamika. Ila chumba hakikuwa na kufuli, kwa kuwa mafundi wengine waliingia kuchukua mbao saa yoyote, na nilikuwa nimefika umri ambao mtu huanza kutamani mlango anaoufunga mwenyewe.

Siku moja nilipeleka meza chuoni. Mimi husoma kila kilichobandikwa, hata karatasi iliyofungia maandazi, kwa hiyo nikiwa nasubiri mtu wa kupokea meza nilisoma ubao wa matangazo kutoka juu hadi chini. Palikuwa na tangazo la mafunzo ya ujasiriamali kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa fani zote. Waunde timu, waje na wazo, wafundishwe muda wa mwaka wa masomo, kisha wawasilishe mbele ya majaji. Timu iliruhusiwa kuwa na mtu mmoja wa nje mwenye ujuzi unaohitajika. Na timu itakayoshinda ingepewa chumba cha kazi ndani ya kituo atamizi cha chuo, mahali pa kulelea biashara changa, mwaka mzima, chenye umeme na ufunguo wake. Hapo kwenye ufunguo nilirudia kusoma. Mlinzi alinikemea kwamba hilo si la kwangu, na alikuwa sahihi, nikabeba kamba zangu nikarudi.

Haikupita wiki, Atupele na Festo wakaingia karakanani. Atupele alikuwa msichana wa Tukuyu anayesoma ualimu, anaongea haraka na kucheka kabla hajamaliza sentensi. Festo alikuwa wa Igowole, anasoma uhasibu, shati limechomekwa, mtu wa kupima maneno. Walitaka fundi wa kutengeneza sanduku la kuhifadhi joto: sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati kumeshindiliwa maranda, ndani kuna nafasi ya sufuria. Unachemsha kande au maharage kidogo tu motoni, unatia sufuria ndani, unafunika, unakwenda shambani, na chakula kinaendelea kujiivisha chenyewe. Mzee Mgaya alisikiliza akatikisa kichwa akarudi kwenye msumeno wake. Mimi niliwauliza maranda yashindiliwe kiasi gani, mvuke utatokea wapi, mfuniko ukivimba itakuwaje, mpaka Festo akamtazama mwenzake na kusema, huyu ndiye.

Hivyo ndivyo nilivyorudi darasani. Kilikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki na madirisha yasiyofunga vizuri, na mwalimu wetu, ambaye wote tulimwita Dokta, alivaa sweta chini ya koti na kufundisha huku ameshika kikombe kwa mikono miwili ajipashe moto. Nilichagua kiti cha karibu na mlango. Nilidhani nitaulizwa cheti, sikuulizwa. Dokta alizungumza juu ya mteja, juu ya uhitaji, juu ya kitu mtu anachosema atanunua na kile anachonunua kweli, na mimi kila neno nililishika kama mtu anayeokota misumari iliyomwagika. Niliuliza sana. Ndipo wakaniita Fundi Maswali, na haikuwa dhihaka, angalau mwanzoni. Wakati wa mapumziko tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha kibarazani, na wanafunzi waliosoma miaka mingi kuliko mimi waliniuliza mambo ya mbao za msonobari na mlingoti. Nilianza kunawa vizuri kabla ya kipindi. Nilinunua kalamu. Leo nikimkumbuka kijana yule na kalamu yake mfukoni mwa shati la kazi, natamani kugeuza uso nisimwone.

Sanduku la kwanza lilifaa. Tulilijaribu karakanani na kande za Mzee Mgaya mwenyewe, ambaye alikula akasema chumvi haitoshi, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Dokta akatutuma kwenye soko. Alisema tutafute mahali watu walipo, tuweke kitu chetu mbele yao, tuangalie mikono yao na si midomo yao. Festo akashauri twende kwao Igowole, Jumapili, kanisani. Watu ni wengi, na baada ya ibada kuna mnada wa sadaka.

Tulifika Jumamosi, tukafikia kwa bibi yake Festo. Bibi alitupokea jikoni, jiko la nje lenye mafiga na moshi uliokaa darini kama mwenye nyumba. Tukasalimiana kamwene, kamwene, mpaka salamu zikaisha. Alilizunguka sanduku, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akauliza kama hili ni jeneza la sufuria. Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, na sisi tukacheka. Tulikula ugali, maharage na mboga ya figiri, na Bibi akawa anatuuliza mmojammoja anasoma nini. Atupele akasema ualimu, Bibi akasema vema. Akanigeukia.

"Na wewe mwanangu?"

"Huyu ni mwenzetu, Bibi," Festo akawahi.

Nilimshukuru Festo na kumchukia kwa tonge moja hilohilo. Bibi alinitazama kidogo, akanisogezea bakuli la figiri, hakuuliza tena.

Mnada wa kanisani huku kwetu kila mtu anaujua. Ibada inakwisha, watu wanatoka, hawaendi mbali, wanakaa majanini. Vile vilivyotolewa sadaka vinapangwa mbele ya mlango, na mzee wa kanisa mwenye mdomo mwepesi anavinadi. Yule wa Igowole alikuwa mrefu, koti la mvua begani, alianza na jogoo, akamsifia kwamba hajawahi kukosa ibada. Likaja boga, likaja yai moja. Yai lile lilinunuliwa na mwalimu wa kwaya, akasema analirudisha kwa Bwana. Likanadiwa tena, likanunuliwa na akina mama, wakalirudisha, likanadiwa tena, na mwisho likapewa mchungaji. Fedha yote inaingia kwenye mabati ya kanisa. Hakuna mtu pale anayefikiri kwamba yai lina bei ile. Mtu anatoa kwa furaha, kwa ushindani kidogo na jirani, na kwa kuwa anatazamwa.

Kisha likainuliwa sanduku letu, ambalo nalo tulikuwa tumelitoa. Festo alisimama akaeleza kazi yake, sauti ikitetemeka, maana alikuwa mbele ya watu waliomwona akitambaa. Bibi ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Alilichukua, akalirudisha. Kwaya ya vijana wakachanga wakalichukua kwa bei ya juu zaidi, wakalirudisha. Akina mama hawakukubali kushindwa na vijana, wakapandisha, wakalipata, wakalirudisha. Mwisho akalichukua dereva mmoja wa lori la magogo, mtu mkubwa mwenye sauti, akasema hatalirudisha bali anawapa wageni, wakapikie huko chuoni wasije wakafa njaa kabla ya kutuletea vyeti. Vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na ukuta, na kila bei ilipopanda nilisikia mbavu zangu zinapanuka. Mikono ile ilikuwa inanyooshwa kwa ajili ya kitu nilichokipiga randa mimi.

Dereva huyohuyo alitupa lifti mpaka Mafinga. Sanduku lilikaa nyuma, limefungwa kamba. Atupele akasema, wanunuzi wanne, na bei mara zote inapanda. Festo akasema ndiyo, inapanda. Mimi nikasema ikipanda hivi Igowole, Mafinga itakuwaje. Na hapa ndipo nisipopaelewa hata leo. Wote watatu tulikulia kwenye minada hiyo. Mimi nikiwa mtoto niliwahi kuona debe moja la viazi likinunuliwa na kurudishwa mpaka viazi vikaanza kuchubuka. Hapakuwa na mgeni kati yetu ambaye angeweza kudanganyika. Lakini tulikuwa tumepewa maneno mapya, mteja, uhitaji, bei anayokubali mtu, na maneno yale yalikuwa matamu kiasi kwamba tuliyavalisha kila tulichokiona. Laiti mmoja wetu angesema kwa lugha ya nyumbani, jamani ile ni sadaka, tungecheka wote mle ndani ya lori na mambo yangekuwa mengine. Hakuna aliyesema. Sanduku liligonga-gonga nyuma yetu njia nzima.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha kuliko yote niliyowahi kuishi. Festo alichora nguzo kwenye karatasi kubwa, zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, ya kwanza Bibi, ya mwisho dereva, ila juu yake aliandika mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Dokta aliitazama, akauliza hawa ni wa wapi, tukamwambia Igowole, akasema vizuri, fuatilieni. Hatukufuatilia. Tulikuwa tunatengeneza masanduku. Mzee Mgaya alituachia mabanzi na vipande, nami nilifanya kazi zake mchana na za kwetu jioni, mpaka masanduku yakajaa chumba changu na mimi nikalala katikati yake. Nilikuwa nimeshapanga akilini mwangu kile chumba cha chuoni: benchi la randa chini ya dirisha, msumeno ukutani, godoro nyuma ya mlango, na mlango umefungwa.

Jioni moja, mashindano yakiwa yamekaribia, nilikuwa nimejilaza nyuma kule, hawakujua kama nipo. Wao wawili walikuwa upande wa mbele wakipaka mafuta mifuniko. Ukuta wa mabanzi hauzuii kitu. Walikuwa wanabishana nani ajibu maswali ya majaji. Atupele alitaka mimi, kwa sababu ndiye ninayelijua sanduku. Festo akakataa kwa sauti ya chini.

"Mimi nampenda Zabroni, unajua," akasema. "Lakini hajamaliza hata kidato cha pili. Watamuuliza kitu kimoja tu, ataanguka pale mbele za watu. Unataka aaibike?"

Nilisikia kitambaa kinasugua ubao, kinasugua, kisha kikaacha. Nililala pale nikitazama mabati. Nilichokisikia hakikuwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma, maana dharau ningeijibu. Kesho yake nikawaambia kwamba majibu yote nitajibu mimi. Nilisema kama mtu asiyejua lolote. Festo alikunja uso, akataka kusema, akanitazama, akakubali. Nadhani alijua kwamba nimesikia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Timu zilizotutangulia zilikuwa na picha zinazotembea ukutani. Sisi tulikuwa na karatasi yetu ya nguzo, na sanduku juu ya meza, lilelile la Igowole, kwa kuwa ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Atupele alieleza wazo akapigiwa makofi. Festo alieleza nguzo akapigiwa makofi. Nikasogea mbele kwa ajili ya maswali, kalamu mfukoni. Mmoja wa majaji alikuwa mama mwenye kinu cha kusaga na kufungasha unga pale mjini, mtu wa sauti ya taratibu. Aliuliza juu ya maranda, nikajibu. Aliuliza juu ya mfuniko, nikajibu vizuri, hata Dokta akaitikia kwa kichwa. Nikaona mbele yangu lile benchi chini ya dirisha.

"Sasa hawa wateja wanne," akasema, "masanduku yao yako wapi, tukitaka kwenda kuyaona?"

Nikaweka mkono juu ya meza. "Ndilo hili, mama."

"Hilo ni la nani kati yao?"

"La wote," nikasema. "Mmoja alinunua akarudisha, mwingine akanunua akarudisha, wa mwisho akatupa sisi." Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza ili aelewe vizuri: "Ilikuwa kanisani, kwenye mnada."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa watu waliokulia huko huko tulikokulia sisi, wanaoujua mnada, kikaja mbele kama maji yanayofunguliwa kwenye mfereji, mpaka majaji wenyewe wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa bado natabasamu. Hicho ndicho ninachokiona kila mara: kwamba watu wote walikuwa wameshacheka, na mimi mkono wangu uko juu ya sanduku, natabasamu, nasubiri swali linalofuata. Nilielewa nilipomwona Festo. Hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ametazama pembeni ili nisione kwamba ananihurumia. Dokta alikuwa anatazama kikombe chake.

Walishinda wengine, wenye mambo ya kuku. Sikusubiri yatangazwe yote. Nilitoka kwa mlango wa ubavuni, nikaenda karakanani, nikafunga nguo zangu, nikamwachia Mzee Mgaya masanduku yote bila kumuaga, na mapema asubuhi nilikuwa njia panda natafuta gari la Makambako. Kutoka hapo Tunduma, kutoka Tunduma ng'ambo, kisha kurudi, na mji baada ya mji. Laini ya simu niliitupa. Iringa nimekuwa nikiipita kwenye basi huku nimefumba macho kama mtu aliyelala.

Na kitu kikikaa na mtu muda mrefu, mtu hukitengeneza umbo analoweza kulibeba. Miaka yote hii nimeisimulia habari ile kwenye viwanda vya mbao na kwenye vibanda vya chai, lakini si kama nilivyoiandika hapa. Nimesimulia kwamba palikuwa na wasomi wawili waliochukua ujuzi wangu, wakanipeleka chuoni kama pambo, na waliposhindwa wakaniacha. Mafundi wenzangu wameipenda sana habari hiyo. Wamenipa chai kwa ajili yake.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwenye kipindi cha Atupele. Darasa lilikuwa na vijana wengi, simu mezani, mabegi miguuni, na mlango nilioufunga jana ukafunga vizuri nyuma yangu. Nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango huo. Atupele alifundisha kwa mbwembwe, akitembea, na nilipomsikia akisema tuangalie mikono na si midomo nikajua maneno hayo ameyatoa wapi. Kisha akawaambia atawapa mfano wa kosa lake mwenyewe alipokuwa na umri wao. Akasimulia yote, Igowole, yai, kwaya, akina mama, nguzo za Festo. Alipofika kwa majaji alisema tu kwamba mwenzao mmoja alijibu ukweli, hakutaja jina wala hakuinua macho kuja upande wangu. Vijana wakacheka. Ni kicheko kilekile, hakijabadilika, nikashika ukingo wa kiti.

Lakini hakuishia pale. Akasema kwamba walipotoka nje na Festo, wamekaa ngazini, yule mama mwenye kinu aliwafuata akaomba kufunguliwa sanduku. Walikuwa wametia kande asubuhi. Akala, akaita majaji wengine wakala. Akasema bei yenu ni ya mbinguni lakini sanduku lenu ni la duniani, na fundi aliyejibu vile hadanganyi, huyo ni wa kufanya naye kazi. Wiki iliyofuata Dokta akawaita. Pale kituoni palikuwa na chumba kingine, kidogo, nyuma ya stoo. Wakapewa.

"Tukachukua ufunguo, tukaenda kumtafuta fundi wetu," Atupele akasema. "Tukaambiwa ameondoka. Tukamtafuta mpaka Mafinga, kila kiwanda. Tulijaribu na fundi mwingine, masanduku yakawa yanavuja mvuke, na Festo hakuwa na moyo tena. Mwisho wa muhula tukaurudisha ufunguo."

Alisema bila uzito, kama mtu anayesema jambo alilolizoea, akageukia ubao kuandika. Jana usiku mezani kwake hakuwa amelitaja, na sasa nilielewa kwamba alikuwa ameshindwa kulisema tukitazamana, ndiyo sababu akaniita darasani. Nilitazama mgongo wake. Niliwaza habari niliyokuwa nikiiuza kwa chai miaka yote, na mkono wangu, bila kuambiwa, ulikuwa umeshafika kwenye kitasa.

Kijana aliyekaa jirani yangu, mwenye kofia ya sufu, alininong'oneza. Labda aliona nywele nyeupe akadhani mimi ni mwalimu mgeni.

"Mzee, samahani. Sasa huyo fundi alikimbia nini?"

Nikamwambia watu walicheka.

Akasubiri niendelee. "Basi?"

"Basi," nikasema.